Mwalimu Tuliyemchora

Tulikuwa watatu katika ile nyumba ya mbao ya South End, na wote watatu tuliamini kwamba siku moja tutaishi kwa kuchora. Leo nikilisema jambo hilo mbele ya watu wa Louisville wanaonifahamu, wanatabasamu kwa huruma, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa anayesema kesho atacheza mpira. Lakini tuliamini.

Nyumba ilikuwa ya mama mmoja mjane kutoka Fizi, Kongo, aliyetutangulia kufika Marekani kwa miaka mingi. Wanawe walikuwa wamekua na kuhamia majimbo mengine, akabaki na vyumba vya juu visivyo na mtu. Cha kwanza alimpa kijana wa Uvira, kwa sababu walisali kanisa moja. Kijana huyo ndiye aliyenileta mimi. Tulijuana kazini, katika ghala la vipuri vya magari kule Jeffersontown, siku nilipookota kipande cha boksi chenye sura ya msimamizi wetu. Mashavu yalikuwa yale yale, na ile namna yake ya kukodoa jicho moja akiangalia saa. Nilicheka peke yangu katikati ya rafu. Aliyechora akatokea nyuma yangu akaniomba kipande chake kabla hakijaonekana. Nikamwambia na mimi nachora. Hakuonekana kuniamini. Akanipa kalamu.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Kuchora nilijifunza kwa mabango ya afya. Watu wa shirika walitafuta kijana wa kuchora jinsi ya kunawa mikono na jinsi ya kufunika ndoo, na mimi nikajitokeza kwa sababu walitoa sabuni. Nimechora mikono mingi kuliko kitu kingine chochote, na mpaka leo mikono ndiyo ninayoiweza. Mwenzangu wa Uvira alikuwa amechora vibao vya saluni na vya maduka ya simu tangu akiwa na miaka kumi na minne. Yeye aliweza sura. Angemtazama mtu mara moja kwenye basi na jioni akampata kamili, pamoja na hasira zake.

Wa tatu alikuwa binti wa mwalimu. Nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo mama mwenye nyumba alivyomwita siku aliyomleta: binti wa mwalimu, muheshimuni. Wazazi wake walitoka Bukavu na sasa walikaa Columbus. Yeye alikuja Louisville kusoma uuguzi, huku akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipewa chumba cha chini, mlango ukitazamana na wa mama mwenye nyumba. Hakuchora watu. Alichora mahali: paa, kona ya barabara, maji yaliyosimama baada ya mvua. Ukiona alichochora ulijua kama ni asubuhi au mchana, na bado mtu hajaingia.

Yeye ndiye aliyetuletea habari za Wajapani. Alisoma katika kitabu cha maktaba kwamba huko kwao, zamani kidogo, palikuwa na nyumba ya kupanga ambamo vijana wachoraji wa katuni waliishi pamoja, chumba kwa chumba. Mmoja akiugua, wenzake walimmalizia kurasa zake. Mmoja akipata kazi, wote walikula. Baadaye wakawa watu wakubwa. Alitusimulia hayo akimenya viazi, na kijana wa Uvira akaacha kutafuna. Akasema, kwa Kiswahili cha kwao, "Bon. Na sisi njo vile," yaani nasi ndivyo tulivyo. Mama mwenye nyumba akauliza kama hao Wajapani walikuwa wanaosha vyombo vyao wenyewe.

Shifti yetu ya ghalani ilianza saa tisa alasiri, kwa hiyo asubuhi zilikuwa zetu. Mama alituruhusu kutumia meza ya jikoni kwa sharti la kutandika plastiki, maana wino ulishamharibia kitambaa kimoja. Tulikaa pale na chai, mvuke ukipanda kutoka kwenye sufuria la maharage nyuma yetu. Binti wa mwalimu alichora mahali, kijana wa Uvira akaweka watu na sura zao, mimi nikamalizia mikono, nguo na maneno katika viputo vinavyotoka midomoni. Mama alikuwa msomaji wetu wa kwanza. Tulimchora yeye mwenyewe katika hadithi fupi ya kuchekesha kuhusu mtihani wa leseni ya udereva, na akakasirika, si kwa kuchorwa. "Munanichora mwembamba," alisema. "Batu bataona kama Amerika ilinishinda." Tukamchora upya, mnene, akaikata karatasi ile kwa mkasi akaibandika kwenye friji.

Hadithi zetu za kwanza zilikuwa za namna hiyo. Tulitoa kopi, tukabana kwa stepla, tukawagawia watu kanisani. Walicheka. Kuna mzee mmoja wa Kirundi aliyenisimamisha mlangoni akaniambia hajacheka hivyo tangu afike nchi hii, na mimi nikabeba maneno yake wiki nzima nikiwa na skana mkononi, nikihesabu maboksi ya breki.

Halafu ikaja ile hadithi ya mwalimu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Tulikuwa tumekwama, hatuna cha kuchora, na binti wa mwalimu alianza tu kuzungumza. Baba yake alifundisha darasa la nne katika shule moja nje ya Bukavu. Siku walipokimbia, hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba daftari la mahudhurio. Walipofika kambini, kila asubuhi aliketi kwenye kiti mbele ya hema, akalifungua lile daftari na kuita majina ya wanafunzi wake, moja baada ya jingine, kwa sauti ya darasani. Baada ya kila jina alinyamaza kwa muda unaomtosha mtoto kusema "présent", yaani nipo, kama watoto wa kwao wanavyoitikia shuleni. Kisha akaita linalofuata. Majirani walisema amechanganyikiwa. Mkewe aliwanyamazisha watoto mpaka amalize. Aliendelea hivyo karibu mwaka mzima, hadi msimu wa mvua, hema lilipovuja na wino wa daftari ukaenea wote. Siku hiyo alilifunga. Hakuita tena, na nyumbani kwao halikuzungumzwa kamwe.

"Nilikuwa na miaka saba," alisema. "Ile majina nayajua mpaka leo." Akatutajia machache, akiangalia dirisha. Kisha akatugeukia, maana alituona tulivyotulia. "Hii haiko ya kuchora. Ni ya baba."

Tulisema ndiyo. Siku ya pili, wakati wa mapumziko ghalani, kijana wa Uvira alinionyesha karatasi. Kiti, daftari, mtu amekaa wima kama yuko mbele ya darasa. Sikumwambia aitupe. Nilimwambia mikono imekosewa, nikachukua kalamu nikaisahihisha.

Binti wa mwalimu alipoikuta mezani hakusema nasi siku mbili. Siku ya tatu alivuta kiti, akatazama lile hema tulilochora, akasema hema halikuwa vile. Akachukua raba. Ndivyo alivyoingia, na nimejiambia mara nyingi kwamba aliingia kwa hiari. Ukweli ni kwamba hakuweza kuvumilia kuona tunapakosea mahali alipoishi. Aliweka masharti mawili. La kwanza, sura isiwe ya baba yake. La pili, kitabu kisitoke nje mpaka atakapozungumza naye.

Tulichora miezi mitano. Ilikuwa kazi bora kuliko zote tulizowahi kufanya, na nadhani kuliko yoyote nitakayofanya. Tulikuwa tumepata meza katika maonyesho ya vitabu vya katuni huko Columbus, majira ya vuli, na siku zilikuwa zinakimbia. Kijana wa Uvira alijaribu sura moja, mbili, tano. Zote zilikuwa sura za mtu ambaye angeweza kuwa yeyote. Kisha wiki moja kabla ya kupeleka kuchapa, akaniletea kurasa zimekamilika, na mwalimu yule pale, na lile paji pana la uso na midomo iliyobanwa kidogo. Mzee alikuwa amekuja mara moja Louisville kumletea bintiye mchele na kukagua nyumba anayoishi. Mara moja tu, na kijana wa Uvira alikuwa amempata.

Nilimtambua hapo hapo. Binti wa mwalimu alikuwa na mitihani, na baada ya mitihani alipanda basi kwenda Columbus kwa wazazi wake kututangulia. Hakuziona kurasa zile. Mimi ndiye niliyezipeleka kuchapwa, na nilizipeleka nikijua, kwa sababu zilikuwa nzuri.

Kuna kingine nilichofanya. Katika hadithi ya kweli hakuna aliyemwitikia mwalimu. Nikasema haiwezekani kumwacha msomaji hivyo. Nikabuni ukurasa wa mwisho, nikauchora mwenyewe wote: foleni ya maji, mikono mingi imeshika madumu, mwalimu kwa mbali anaita, na kutoka katikati ya foleni mkono mmoja wa mtoto unanyanyuka, na kiputo kidogo kinasema "présent". Kijana wa Uvira alipouona alinikumbatia. Binti wa mwalimu nilimsimulia kwa simu. Alisema tutaongea tukifika, na hatukuongea.

Ukumbi wa Columbus ulikuwa umejaa vijana waliovaa kama wahusika wa katuni, wengine na mapanga ya plastiki. Tuliweka boksi letu mezani. Binti wa mwalimu alikuja mbio mbio, akasema wazazi wako mlangoni, na kwamba amewaambia ni hadithi ya mwalimu tu, mwalimu fulani, baadaye atawaeleza taratibu. Akafungua boksi, akashika kitabu cha juu. Nilimwona akifika ukurasa wa tatu. Hakupata nafasi ya kusema neno, maana mzee alishafika, amevaa suti na tai, na mkewe nyuma yake amevaa kitenge cha sikukuu. Nyuma yao walikuja watu wengine wa kanisa lao, waliokuja kumpongeza binti.

Mzee alichukua kitabu kutoka mkononi mwa bintiye. Alikisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kama anavyosahihisha daftari. Mkewe hakuangalia kitabu, alimwangalia yeye. Alipofika mwisho alikiacha wazi.

"Mumenichora muzuri," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye kile kiputo. "Na huyu mwenye anaitika, ni nani?"

Bintiye akatutazama. Nikasema, "Ni mimi niliyeongeza, Baba. Ili hadithi imalizike vizuri."

"Hakuna mutu aliitika," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alikirudisha kitabu juu ya vingine, akakinyoosha kikae sawa na vya chini yake, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Binti yao aliwafuata. Sisi tulibaki. Wale watu wa kanisa lao walinunua, kila mmoja nakala yake, wakicheka kwa furaha kumwona mwalimu wao kitabuni. Kabla saa haijapita, mama mmoja Mmarekani, mhariri wa kampuni ya vitabu, alisimama mbele ya meza yetu. Hakujua neno la Kiswahili. Kijana wa Uvira alimsimulia kwa Kiingereza chake cha ghalani, na mimi nikamsaidia pale alipokwama. Nilisimama pale nikasaidia. Tulirudi Louisville na boksi tupu na kadi ya yule mama, na njiani kote tuliongea juu ya kadi.

Binti wa mwalimu alikuja na kaka yake kuchukua vitu vyake, saa ambazo alijua tuko kazini. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemsaidia kufunga. Kwa wiki nzima hakutusemesha. Alituwekea chakula mezani akaenda chumbani kwake. Jumapili, tukiwa tunavaa viatu twende kanisani, alisema kwa utulivu, "Mutu anatoa siri yake kwa meza yangu, na ninyi munaibeba kwa soko." Tukainama kufunga kamba. Siku iliyofuata alituambia meza ya jikoni sasa ni ya kulia tu.

Barua ya yule mhariri ilifika majira ya baridi. Aliitaka hadithi, lakini kwa Kiingereza, iwe ndefu zaidi, na vita vionekane. Aliuliza askari wako wapi. Alitaka pia mchoraji mmoja, na aliyemtaka alikuwa kijana wa Uvira. Nilisema lazima kwanza tumuulize binti wa mwalimu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye msimamo, na kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilikataa kwa ajili yake. Lakini barua ingekuwa na jina langu, sijui ningesema nini. Kijana wa Uvira alimpigia simu mara tatu, hakupokea. Mimi sikumpigia hata mara moja.

Akasaini. Nilimwita mwizi, jikoni, mbele ya mama. Akanijibu, "Wewe unataka tukose wote ndiyo roho yako itulie." Akafunga mizigo, akaenda kwa kaka yake huko upande wa Buffalo. Nilibaki peke yangu katika vyumba vya juu miezi michache, kisha na mimi nikahama.

Sikuchora tena. Nilioa, nikapandishwa kuwa msimamizi pale pale Jeffersontown, na mimi ndiye sasa ninayeangalia saa kwa jicho moja. Nilisikia kitabu cha Kiingereza kimetoka, nikakataa kukitafuta. Miaka mingine ikapita, nikapigiwa simu kwamba mwalimu amefariki Columbus. Watu wa kanisa letu walipanga magari ya kwenda msibani. Nilisema nina shifti. Shifti yenyewe ningeweza kuibadilisha kwa kuinua simu.

Mwaka jana binti yangu, wa darasa la tano, alirudi na kitabu kutoka maktaba ya shule. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ikiwa kambini kulikuwa hivi kweli. Nilikitambua kabla sijakifungua. Jina moja juu ya jalada. Ndani, askari wapya waliojaa kila mahali, na katikati yao mwalimu na paji lake la uso. Mapaa yalikuwa ya binti wa mwalimu, yamefuatishwa mstari kwa mstari. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa wangu. Foleni, madumu, mikono. Hakubadilisha hata kidole. Binti yangu akasema huo ndio ukurasa anaoupenda kuliko yote, mtoto anapoitikia.

Sikumwambia kwamba niliuchora mimi. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari.

Jumamosi hiyo nilimwambia mke wangu naenda Buffalo. Aliniuliza kufanya nini, nikasema kudai kilicho changu. Njia ya kwenda huko inapitia Columbus, na nilipokaribia nikaona ni vema nimpitie binti wa mwalimu, nimwonyeshe kitabu, ili nikifika kwa yule mtu niseme kwa niaba ya wawili. Nilipata namba yake kwa watu wa kanisa. Alisema yuko kazini, nije kwenye maegesho saa ya mapumziko.

Alitoka akiwa na sare ya wauguzi, nywele zimeanza mvi mbele. Tuliamkiana vizuri. Nilimpa pole ya baba yake, nimechelewa miaka miwili. Kisha nikatoa kitabu. Hakukipokea.

"Nilishakiona," alisema. "Hicho hakikufanya kitu."

Nikamwambia kimetuibia, mapaa yake, ukurasa wangu. Aliniacha nimalize. Halafu akaniuliza kama najua kwa nini baba yake aliacha kwenda kanisani. Sikujua kama aliacha.

"Jumapili ya kwanza baada ya ile maonyesho, aliingia mulangoni, mutu mumoja akamuambia 'présent, mwalimu'. Kwa upendo, donc. Batu bakacheka, na baba akacheka. Jumapili ya pili, vijana bakashika. Kila mutu, 'présent, mwalimu, présent'. Hata watoto wenye hawakusoma kitabu. Baba akacheka tena. Jumapili ya tatu akaniambia muguu unamuuma." Alitazama saa yake. "Muguu ulimuuma mpaka akakufa."

Nilikishusha kitabu.

"Cha Kiingereza hakuna mutu wa kwetu anakisoma," alisema. "Cha kwenu njo kilimufikia. Na ile neno, wewe njo uliiweka."

Nilisema samahani. Alitikisa kichwa kidogo, namna ya mtu anayekubali kwamba amesikia, si zaidi. Akaniambia kama bado naenda, niulize zile karatasi za kwanza, zenye wino. Anazitaka zote. Akarudi ndani, maana muda wake ulikuwa umekwisha.

Nikaendelea na safari. Ningeweza kugeuka, lakini sasa nilikuwa nimetumwa. Nililala kwa jamaa njiani na kufika Cheektowaga, kando ya Buffalo, Jumapili asubuhi, ndege zikishuka chini chini juu ya paa za nyumba. Mwenzangu wa Uvira alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amenenepa, na kifundo cha mkono wake wa kulia kimefungwa kile kitambaa kigumu cha kuzuia maumivu.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilifikiri utakuja zamani."

Hasira niliyoitayarisha tangu Louisville ilikuwa imeishia Columbus, na sikuwa na nyingine ya kuitumia. Alinipeleka gereji. Maboksi ya kitabu chake yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, hayakununuliwa, kampuni ilimrudishia. Kitabu cha pili hawakukitaka. Alikuwa amerudi ghalani, karibu na uwanja wa ndege, mpaka mkono ulipokataa, na sasa alikaa getini akiandika namba za malori. Alieleza hayo bila kujionea huruma, na ningependa kusema nilimwonea mimi, lakini nilichosikia kwanza moyoni kilikuwa furaha ndogo chafu.

Nikamweleza habari za kanisani. Hakuwa anajua. Alikaa juu ya boksi moja, akashika magoti.

"Sura ilikuwa yangu," alisema. "Lakini mwisho ulikuwa wako."

"Ndiyo," nikasema.

Nilimwomba zile karatasi. Alizitoa kwenye bahasha kubwa ya kahawia, zimetunzwa vizuri, kila moja na karatasi laini juu yake. Akaomba abaki na moja tu, ile ya sura ya mwalimu akifungua daftari. Alisema hajawahi kuchora kama vile tena, na kwa mkono huu hatachora. Nilisema zote. Tulishika bahasha wote wawili kwa muda, wanaume wazima ndani ya gereji, kisha akaiachia.

Mkewe alikuwa amepika. Wali, kuku, sombe la majani ya muhogo, vyote viko mezani, na sahani yangu imeshawekwa. Nilisema safari ni ndefu. Kwetu, kwa Warundi na kwa watu wa Uvira pia, hakuna asiyejua maana ya kutoka hivyo bila kuonja. Mkewe alibaki amesimama na kijiko cha kupakulia mkononi. Nikiwa mlangoni mwenzangu aliniuliza kama bado nachora. Nikasema hapana. Akasema ana hadithi moja, ya kuchekesha, kama zile za mwanzo, labda mimi nichore yeye aseme. Nikawasha gari.

Jumatatu nilimkuta binti wa mwalimu kwenye maegesho yale yale. Alifungua bahasha juu ya boneti ya gari lake, akazipitia karatasi moja moja kwa ncha ya kidole. Alizipitia mara mbili.

"Ya mwisho iko wapi?"

Haikuwemo. Nilimpigia yule wa Buffalo hapo hapo, simu ikiwa wazi asikie. Alisema kampuni ilimrudishia zote isipokuwa hiyo, walisema watairudisha, hakufuatilia. Binti wa mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Lakini aliponiangalia, niliona haamini. Ukurasa ule ulikuwa wangu, nilikuwa nimesafiri siku mbili kuudai, na sasa nimemletea zote isipokuwa huo.

"Ile njo nilitaka," alisema. "Nilitaka kuipasua."

Nikamwapia kwamba sinao. Akaziingiza karatasi kwenye bahasha, akaiweka kwenye buti la gari, kati ya mfuko wa viazi na viatu vyake vya kazi, akafunga. Alinishukuru kwa safari. Sijui alizifanyia nini baadaye. Tumekutana mara moja tangu hapo, kwenye harusi ya watu wa Bukavu hapa Louisville. Alinisalimia na kumuuliza mke wangu habari za watoto, kisha akaenda kukaa meza nyingine.